Gredi ya 4: pale mtoto wa pwani anaponyamaza darasani

Feri ya Likoni ni chuma kitupu. Hubeba malori, tuktuki, mikokoteni na umati wa watu, na haizami. Lakini msumari mmoja wa inchi mbili, ukiutupa majini, unakwenda chini moja kwa moja. Kwa nini?

Swali la namna hiyo lilikuwa kwenye daftari la Sayansi na Teknolojia la binti yangu alipokuwa gredi ya 4, muhula wa kwanza. Alijibu kwa Kiingereza, maneno matano yasiyoshikana, na kalamu nyekundu ikapita juu yake. Jumla alipata 3 kwa 10. Mwaka uliotangulia, gredi ya 3, mtoto huyo huyo alikuwa akirudi nyumbani na sifa tele. Mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikamwita mvivu, nikasema ni simu ya mamake iliyomharibu.

Siku mbili baadaye tukawa tunavuka kwenda kumjulia hali bibi yake. Katikati ya maji, bila kuulizwa, akaniambia: "Baba, hii feri ndani ina uwazi, umejaa hewa. Ndiyo maana haizami. Msumari hauna uwazi, ni chuma mpaka ndani."

Nilinyamaza mpaka tukateremka ng'ambo. Mtoto alikuwa na jibu siku zote. Alichokosa ni Kiingereza cha kulitolea.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza walimu, nikisoma karatasi za wizara na kusikiliza wazazi wenzangu barazani, na kila nilipouliza nilikutana na kisa kile kile: mtoto alikuwa hodari, akafika gredi ya 4, akanyamaza. Haya nayaandika kwa mzazi au mlezi mwenye mtoto kati ya gredi ya 4 na ya 6, ajue kinachofanyika mle darasani na ni wapi mtoto wake anaweza kukwama bila yeye kuona.

Madarasa haya yamekaa vipi

Sisi tuliosoma chini ya 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, tunadhani gredi ya 4 ni lile darasa la nne letu lililobadilishwa jina. Sivyo. Mfumo wa sasa ni 2-6-3-3-3: miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi, 3 ya sekondari ya juu, kisha chuo. Ile miaka 6 ya msingi nayo imekatwa vipande viwili. Gredi ya 1 hadi ya 3 ni kipande cha chini, na gredi ya 4 hadi ya 6 ni kipande cha juu. Mtoto anayeingia gredi ya 4 ana miaka 9 au 10, na anavuka kizingiti bila ya sherehe wala mtihani mkubwa. Pengine ndiyo maana wazazi wengi hatukioni.

Mtaala wa umilisi, huu tuliouzoea kwa jina la CBC, ulianza nchi nzima Januari 2019 kwa madarasa ya chini. Gredi ya 4 ya kwanza ilikaa darasani Januari 2020, na Machi mwaka huo korona ikafunga shule zote. Watoto wale walirudi Oktoba, wao na darasa la 8 na kidato cha 4 peke yao, wengine wakiwa bado nyumbani. Ndio hao waliofanya tathmini ya kwanza ya gredi ya 6, KPSEA, mwaka 2022, na ile ya gredi ya 9, KJSEA, mwaka 2025. Kwa hiyo njia yote sasa imeshapitwa na watoto wa watu, na mzazi wa leo hana sababu ya kuambiwa "tungoje tuone".

Gredi ya 3 mtoto ana maeneo 7 ya kujifunza, na kipindi ni dakika 30. Gredi ya 4 maeneo yanakuwa 8 na kipindi kinakuwa dakika 35. Yalikuwa mengi zaidi kabla ya wizara kuyapunguza, baada ya tume ya rais kutoa ripoti yake 2023. Kwa wiki kuna vipindi 35: Kiingereza 5, Hisabati 5, Kiswahili 4, Sayansi na Teknolojia 4, Kilimo na Lishe 4, Sanaa za Ubunifu 6, Masomo ya Jamii 3, Elimu ya Dini 3, na kimoja cha malezi ya kidini. Ukiona mtoto anarudi amechafuka udongo na gundi usimkaripie. Sanaa za Ubunifu zina vipindi vingi kushinda somo lolote, na ndani yake mumo uchoraji, muziki na michezo.

Jengine linalobadilika ni walimu. Katika skuli nyingi za serikali mtoto wa madarasa ya chini hushikwa na mwalimu mmoja kutwa nzima, anayejua yupi ameamka na homa na yupi hakunywa chai. Gredi ya 4 wanaanza kuingia walimu mbalimbali, kila mmoja na somo lake, na kila mmoja ana madarasa mengine ya kukimbilia. Mtoto mnyamavu hupotea hapo.

Lugha inapogeuka

Sera ya lugha haikuja na CBC. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ndiyo iliyopendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake miaka mitatu ya mwanzo, na kuanzia darasa la 4 Kiingereza kishike hatamu. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Gredi ya 1 hadi ya 3 mwalimu anaruhusiwa kufundisha kwa lugha ambayo mtoto anaifahamu, na huku kwetu mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili. Gredi ya 4, Januari, baada ya likizo moja tu, sayansi ni Kiingereza, kilimo ni Kiingereza, masomo ya jamii ni Kiingereza.

Kwa karatasi inaonekana sawa: mtoto amejifunza Kiingereza kama somo miaka mitatu, sasa akitumie. Lakini Kiingereza cha gredi ya 3 ni cha kusema huyu ni nani na kile ni nini. Kiingereza cha gredi ya 4 kinamtaka aeleze kwa nini, alinganishe viwili, ataje sababu. Hizo ni ngazi mbili tofauti, na katikati yake hakuna daraja.

Aliyesoma akademia tangu chekechea hasikii mshtuko huo, maana ameogeshwa Kiingereza tangu ana miaka minne. Ndipo watu husema watoto wa akademia wana akili. Na kwa jirani zetu wa Kwale na Kilifi mambo ni mazito zaidi: mtoto anayezungumza Kidigo au Kigiriama nyumbani ameshavuka kuja Kiswahili, kisha anavushwa tena.

Dalili zake si rahisi kuziona, kwa sababu mtoto hafanyi fujo. Ananakili ubaoni kwa hati nzuri, daftari limejaa, mzazi akilifungua anafurahi. Muulize sentensi moja katika zile alizonakili maana yake ni nini, uone. Darasa zima likiulizwa "mmefahamu?" huitikia kwa sauti moja. Binti yangu aliniambia yeye alikuwa akifungua mdomo tu pamoja na wenzake.

Sisi Waislamu wa pwani hali hii tunaijua vizuri, maana tumeipitia chuoni. Mtoto anaweza kuhifadhi Juzuu Amma yote na asijue maana ya aya moja. Kule hatuna neno, kwa kuwa kusoma kwenyewe ni ibada na tafsiri itakuja na umri. Lakini mtoto akihifadhi maelezo ya mfumo wa kusaga chakula mwilini vivyo hivyo, bila maana, hakuna thawabu anayoipata. Swali likigeuzwa maneno kidogo, ameanguka.

Na linaloniuma zaidi ni Elimu ya Dini ya Kiislamu. Humo mumo nguzo za imani, udhu, hadithi na sira, mambo ambayo mtoto wetu ameyasoma kwa ustadhi tangu hajatoka meno ya mbele. Lakini gredi ya 4 swali linakuja kwa Kiingereza. Nimemuona mtoto wa jirani, anayejua kutawadha kuliko baadhi ya watu wazima, amekosa swali la udhu kwa kuwa hakujua "ablution" ni mnyama gani.

Hisabati nayo si tarakimu peke yake. Mpe mtoto 48 gawa kwa 6, atakujibu kabla hujamaliza. Mpe swali hilo hilo kwa maneno, machungwa 48 wagawiwe watoto 6 sawasawa, kila mmoja apate mangapi, kwa Kiingereza, ataangalia juu. Pengine atajumlisha, maana ameona namba mbili na hajui azifanye nini. Mzazi anaona makosa ya hisabati, analipa mtu wa kufundisha hisabati, na hisabati mtoto anaijua.

Walimu nao si wa kulaumiwa ovyo. Wengi wao huvunja sera kwa rehema: wanaeleza kwa Kiswahili mpaka darasa lifahamu, kisha wanaandika ubaoni kwa Kiingereza. Mimi naona wanafanya la haki. Tatizo ni kwamba karatasi ya tathmini haitamuuliza mtoto kwa Kiswahili.

Nitasema na hili, ingawa najua wapo watakaokasirika. Dawa si kumzungumzia mtoto Kiingereza cha kubahatisha nyumbani. Nimesikia mama akimwita mwanawe mtaani, "come haraka, you are still hujavaa viatu". Mtoto huyo hatapata Kiingereza wala Kiswahili. Kilichotusaidia sisi ni kinyume chake: jioni binti yangu ananieleza kwanza kwa Kiswahili alichofundishwa, mpaka nimfahamu. Akishindwa kunieleza kwa Kiswahili, basi hakufahamu, na tatizo si lugha, twende kwa mwalimu. Akiweza kunieleza, tunatafuta maneno ya Kiingereza yanayohitajika, matano au sita, tunayaandika kwenye kijidaftari cha shilingi ishirini, na anajaribu kusema tena kwa maneno hayo. Dakika 20, si zaidi. Baadhi ya jioni tulichoka sote wawili tukaacha. Ilichukua mpaka muhula wa tatu kabla sijaona tofauti.

Kiswahili nacho

Sasa mzazi wa Mombasa au Lamu atasema, haya, Kiingereza tumekubali, lakini Kiswahili ni chetu, hapo mtoto atachota alama. Nilidhani hivyo pia.

Somo la Kiswahili linafundisha Kiswahili sanifu, na sanifu si kile tunachosema nyumbani. Mwaka 1928 kulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa wa kuamua lahaja ya kufanywa msingi wa vitabu vya shule Afrika Mashariki. Kikachaguliwa Kiunguja, Kimvita kikaachwa, mjini kwake mwenyewe. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji huo. Karibu miaka 100 imepita na mtoto wa Mji wa Kale bado analipa deni: akiandika "nde" anakatwa, ni "nje". Akiandika "ndia" ni "njia", "mtele" ni "mchele", "mato" ni "macho", "kutinda" ni "kuchinja". Mtoto wa Amu akiandika "mui" au "mai", mwalimu aliyetoka bara huenda asijue hata kinachosemwa.

Mwalimu hakosei kumsahihisha, maana sanifu ndiyo inayotahiniwa. Kosa ni kumwambia mtoto kwamba alichosema si Kiswahili. Mtoto wa miaka 9 akiambiwa maneno ya bibi yake ni makosa, mara nyengine huamua bora asiseme kitu. Nyumbani kwetu tumekubaliana: "hivi ndivyo tusemavyo sisi, na hivi ndivyo kinavyoandikwa skuli". Anajua yote mawili, na bibi hajapungukiwa heshima.

Zaidi ya lahaja, gredi ya 4 sarufi inaanza kwa nguvu. Ngeli ndizo zinazowashinda: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I. Na hapa siwezi kuwalaumu Waunguja. Watoto wetu wamekulia kwenye simu na mtaa ambapo kila kitu ni "hiyo kitu" na "hizo vitu", na sisi wazazi tunawaacha. Kitabu cha hadithi kinasaidia kuliko kukariri jedwali la ngeli. Soma naye kurasa mbili za Kiswahili kwa sauti, zamu kwa zamu, masikio yake yatazoea upatanisho kabla hajaujua jina lake.

Kutwa ya mtoto

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo yawe kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika 45 ni michezo na vyama. Sasa tia na yetu. Mtoto ameamka alfajiri, amekunywa chai na mahamri akiwa bado na usingizi, amebeba mkoba unaomzidi uzito. Mapumziko ya saa nne amenunua mabuyu au kachiri langoni kwa shilingi kumi. Saa kumi anatakiwa chuoni mpaka karibu na Maghrib. Akirudi kuna kazi ya nyumbani ya skuli. Na wengine wana tuisheni baada ya Isha.

Sitamwambia mtu amtoe mtoto chuoni, sikumtoa wangu. Lakini tuhesabu vizuri. Ile saa ya michezo na vyama ndiyo saa ya chuo, na kwa hivyo watoto wetu wengi hawaonekani kwenye mpira, kwaya ya skuli wala mashindano ya ushairi. Baadhi ya madrasa yamesogeza masomo makubwa Jumamosi na Jumapili asubuhi na kuacha siku za wiki kwa kusoma Qur'ani kwa muda mfupi. Ni jambo ambalo wazazi wanaweza kukaa na maalim wakalizungumza kwa adabu. Maalimu wengi watasikiliza, wao pia wanaona watoto wanavyosinzia.

Tuisheni sina imani nayo, na nililipia muhula mzima. Nilipokwenda siku moja kuchungulia, nilikuta watoto 20 sebuleni kwa mtu, wananakili maelezo yale yale waliyonakili mchana. Likizo kwa upande wake ni mambo ya sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kufundishwa wakati wa likizo. Sheria hiyo hiyo inakataza viboko na kila adhabu ya kuumiza mwili au kudhalilisha, ikataze na kumrudisha au kumzuia mtoto darasa. Hili la mwisho liwaingie wazazi wenzangu, maana sisi ndio wa kwanza kumwendea mwalimu mkuu kuomba "arudie gredi ya 4 apate kukomaa". Mwaka mmoja zaidi wa kunakili asichokifahamu hautamkomaza.

Alama zinakwenda wapi

Hapa ndipo wazazi tunapotegwa. Tulizoea kwamba mtihani ni darasa la 8, kabla ya hapo ni mazoezi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023 na imekwisha. Sasa gredi ya 4 yenyewe inaandikwa.

Baraza la mitihani, KNEC, hutoa kazi za tathmini kwa skuli katika gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Mwalimu huwapa watoto, husahihisha, kisha huingiza alama kwenye mtandao wa baraza. Nyengine ni za kuandika, nyengine ni za kutenda: mtoto atengeneze kitu, asome kwa sauti, aonyeshe. Kwa mpango uliowekwa tangu mwanzo, tathmini hizi za miaka mitatu zinachukua asilimia 60 ya matokeo ya msingi, na KPSEA ya mwisho wa gredi ya 6 asilimia 40. Mtoto aliyekwenda harusini Lamu wiki ile ya tathmini ya gredi ya 4 amekosa kitu kinachohesabiwa.

KPSEA ina karatasi tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi Unganishi, na Sanaa za Ubunifu pamoja na Masomo ya Jamii. Maswali ni ya kuchagua jibu. Sayansi Unganishi inabeba kilimo ndani yake, na Elimu ya Dini imo katika ile karatasi ya tano. Mtoto hafeli wala haambiwi ni wa ngapi. Anapewa kiwango: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au mbali na matarajio. Matokeo haya hayamchagulii sekondari msingi, maana gredi ya 7 hadi ya 9 ziko kwenye viwanja vile vile vya shule za msingi. Lakini hayatupwi. Gredi ya 9 inapofika, katika alama za kumpangia sekondari ya juu, asilimia 20 hutoka KPSEA, asilimia 20 tathmini za gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 KJSEA.

Kwa hiyo ile 3 kwa 10 ya msumari, yenyewe haikwenda popote, ilikuwa zoezi la darasani. Lakini kama kimya kile kingedumu miaka mitatu, kingeonekana hata gredi ya 9.

Ukiletewa ripoti iliyoandikwa "kukaribia matarajio", usifurahie neno "kukaribia" ukaifunga. Uliza ni katika lipi hasa. Karatasi nzuri ya ripoti inataja ujuzi, kwa mfano kusoma kwa ufasaha au kuandika insha, si jina la somo tu. Kama haitaji, una haki ya kuuliza.

Vifaa na pesa

Kwa mtoto wa shule ya msingi ya umma serikali inaahidi shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawa kwa siku za masomo uone zinabaki senti ngapi. Ndiyo maana mzazi anaambiwa alete manila, gundi, rangi, na karatasi za kuchapisha. Wakati mwengine usiku wa saa mbili mtoto anasema kesho anahitaji picha za wanyama, na baba anakimbia saiba kabla haijafungwa.

Mtaala wenyewe unahimiza kutumia vitu vinavyopatikana karibu. Makuti, vifuu, maganda ya chaza, mchanga, makopo na vitambaa vya fundi cherehani vyote vinakubalika. Binti yangu alifuma kipande cha ukili badala ya mradi wa kununua, bibi yake akimwelekeza, na mwalimu akakitundika ukutani. Mwalimu akisisitiza kitu cha duka, muulize kwa upole kama cha nyumbani hakitoshi. Mara nyingi kinatosha, ila hakuna mzazi aliyeuliza. Na tusiwafanyie watoto miradi yao. Nimeona nyumba za karatasi zilizojengwa na mjomba fundi wa mbao. Mwalimu anajua, anatoa alama kwa aibu tu.

Kumwendea mwalimu

Wanaume wa huku tuna tabia ya kumwachia mama mambo ya skuli mpaka litokee la kulipa au la kugomba. Nilipokwenda mara ya kwanza mwalimu alidhani nimekuja kulalamika.

Nilimuuliza matatu, na ningemshauri mzazi wa gredi ya 4 aulize hayo hayo. Je, mwanangu huinua mkono akijua jibu? Mkimuuliza kwa Kiswahili anajibu? Tathmini ya KNEC mwaka huu iko wiki gani? Swali la pili lilimfanya mwalimu wa sayansi aweke kalamu chini akanitazama, kisha akasema watoto wengi wa darasa lile wako hivyo hivyo, na kwamba angejaribu kuwaachia waeleze kwa Kiswahili kwanza, wakiwa wawili wawili, kabla ya kuandika. Sijui kama wizara ingempongeza. Mimi nilimshukuru.

Nenda kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tisa na nusu, na umchukue mtoto mwende pamoja, asikie mnavyomzungumza. Katikati ya vipindi mwalimu ana dakika 35 zake na darasa limejaa.